Huipil, blauzi ya kufumwa ya wanawake wa Kimaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukutani mwa chumba changu cha kushonea hapa Tanga nimetundika blauzi moja nyekundu yenye ndege na maua. Kila anayekuja kupimwa gauni huishika, huigeuza ndani nje, halafu maswali huanza. Mengine nimeyajibu mara nyingi mno, nikaona afadhali niyaandike. Mimi ni fundi cherehani, si mtaalamu wa mambo ya kale. Kufuma nilijifunza kwa wiki tatu tu, katika mji wa San Antonio Aguas Calientes huko Guatemala, kwa mama mmoja aliyenivumilia sana. Kwa hiyo msishangae nikiyakalia zaidi mambo ya uzi na mikono kuliko ya wafalme.

Huipil ni nini?

Ni blauzi ya wanawake wa Kimaya, wenyeji wa asili wa Guatemala na kusini mwa Meksiko. Kwa umbo hakuna nguo rahisi kuliko hiyo: vipande viwili au vitatu vya kitambaa vilivyonyooka, vimeunganishwa ubavu kwa ubavu, vikakunjwa mabegani, pakaachwa tundu la kichwa na nafasi za mikono. Haina kola, haina zipu, haina mikono ya kupachika. Fundi akiiona kwa mbali anaweza kuidharau: mbona ni mstatili tu? Asogee karibu. Ustadi wote umo ndani ya kitambaa chenyewe.

Inatamkwaje, na Wamaya wenyewe wanaiitaje?

Tamka "wipil", sauti ya h haisikiki. Neno lenyewe si la Kimaya. Limetoka katika Kinahuatl, lugha ya Waazteki, ambako lilikuwa "huipilli", na Wahispania ndio waliolisambaza. Katika lugha za Kaqchikel na K'iche' blauzi hii huitwa po't, na ile kubwa ya sherehe inayovaliwa juu ya nyingine Wakaqchikel huiita nim po't, yaani po't kubwa. Guatemala ina lugha 22 za Kimaya, kwa hiyo majina yapo mengi.

Ni vazi la zamani kiasi gani?

Ushahidi ninaoupenda umechongwa kwenye jiwe. Katika magofu ya Yaxchilán, Meksiko, palikuwa na jiwe la juu ya mlango linaloonyesha tukio la mwaka 709: malkia K'abal Xook amepiga magoti mbele ya mumewe, anapitisha kamba yenye miiba kwenye ulimi wake kama ibada ya kutoa damu. Jiwe hilo sasa liko British Museum, London. Watu hutazama ile kamba na damu. Mimi niliishia kwenye nguo, maana mchongaji hakuiachia hata tundu moja: maumbo ya pembe nne yamepangwa mwili mzima, kingo zimepambwa, na pindo lina matamvua. Aliyechonga alijua vizuri kitambaa cha namna ile kinavyofumwa.

Kuna pia sanamu ndogo za udongo kutoka kisiwa cha Jaina, za kati ya miaka 600 na 900, na mojawapo ni mwanamke amekaa na kitanda chake cha mfumi, yaani kifaa cha kufumia, huku ndege ametua juu. Kitanda hicho ukikifananisha na nilichofungiwa mimi, tofauti ni ndogo. Nguo zenyewe za zama hizo karibu zote zimeoza, kwani pamba haivumilii joto na unyevunyevu. Wamaya walikuwa na mungu wa kike, Ixchel, aliyehusishwa na ufumaji na ukunga, na jumba la makumbusho ya mavazi jijini Guatemala limepewa jina lake: Museo Ixchel. Ukifika jiji hilo na una saa mbili tu, zipeleke huko.

Lakini asikudanganye mtu kwamba huipil ya leo ni ileile ya K'abal Xook. Wahispania walileta sufu, hariri na vitanda vya mfumi vya kukanyaga kwa miguu. Baadaye zikaja rangi za kiwandani, na siku hizi nyuzi zinazometameta kama dhahabu. Wafumaji wamekuwa wakibadilisha mitindo wakati wote, na mabinti wa sasa wana fasheni zao kama mabinti wa kwetu.

Hicho kitanda cha mfumi kikoje?

Ukikikuta hakina mtu utadhani ni fungu la vijiti. Na kweli ni vijiti: Kihispania cha Guatemala hukiita "kitanda cha vijiti". Hakina fremu. Kijiti cha juu hufungwa kwa kamba kwenye mti au nguzo ya nyumba, kijiti cha chini hufungwa kwenye mkanda mpana unaozunguka mgongo wa mfumaji. Nyuzi za mtande, zile za urefu, zimenyooshwa kati ya vijiti hivyo viwili. Mfumaji hupiga magoti mkekani au hukaa kwenye kigoda, na mwili wake ndio unaoshikilia kila kitu. Akiegemea nyuma nyuzi hukaza, akiinama mbele hulegea. Akisimama, kitanda kimekwisha; anakiviringisha, anakitia kwapani, anaondoka.

Katikati kuna vitu vitatu vya kujua. Kuna kijiti kinene kinachotenganisha nyuzi zinazopishana, moja juu, moja chini. Kuna kijiti cha pili chenye vitanzi vya uzi vilivyoshika zile nyuzi za chini, ili ukikivuta juu zije zote kwa pamoja na mwanya ufunguke. Na kuna upanga wa mbao ngumu, umelainika kwa miaka ya kushikwa, ambao huingizwa ndani ya mwanya na kusimamishwa kwa ubavu ili mshindio, ule uzi wa upana, upite, kisha hutumika kuugonga mshindio ukae pale unapotakiwa. Ta! ta! Sauti hiyo ndiyo niliyokuwa nikiamkia.

Mwanafunzi huumia hapa: kukivuta kijiti cha vitanzi lazima uiname kidogo ili mtande ulegee, na papo hapo mkono mwingine uzipige nyuzi zinazong'ang'aniana. Ukivuta huku umekaza mgongo, nyuzi zinakatika. Siku ya kwanza nilikata kumi na moja. Mwalimu wangu hakusema neno, aliziunga moja moja kwa fundo dogo mno. Ya kumi na moja ndipo akaguna: "Polepole, binti. Mgongo nao unafuma."

Watu wa Tanga watapenda hili: kamba na mikanda ya vitanda hivyo kwa kawaida ilitengenezwa kwa nyuzi za magei, ndugu wa mkonge. Na mkonge wetu asili yake ni upande huohuo wa Wamaya, rasi ya Yucatán, ambako bandari yake iliitwa Sisal. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliuleta Afrika Mashariki ya Kijerumani, ukapitia Florida. Nilipomweleza mwalimu wangu kwamba mji wangu umejengwa kwa jani la kwao, alicheka akaniuliza kama tunafumia. Nikamwambia hapana, tuliuza nje.

Kazi huanzia wapi kabla ya kufuma?

Kwenye ubao wenye vigingi. Uzi huzungushwa kwenye vigingi hivyo kwa umbo la nane, na pale nyuzi zinapokatizana ndipo mpangilio unapolindwa; ukiupoteza mkatizo huo umepoteza kila kitu. Ubao huu ndio unaoamua urefu na upana, idadi ya mistari na rangi zake. Baadaye mtande huloweshwa katika maji ya wanga wa mahindi ili nyuzi zikakamae na zisitoe manyoya. Mahindi, tena. Kwa Wamaya karibu kila kitu hatimaye hufika kwenye mahindi.

Zile picha za ndege na maua hutariziwa baada ya kufuma?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu kwa huipil nyingi ni hapana. Picha huzaliwa pamoja na kitambaa.

Niseme inavyokwenda. Mfumaji amepitisha mshindio wa kawaida, mweupe au mwekundu, ule unaoshikilia kitambaa. Kabla ya kupitisha mwingine, anachukua vipande vya uzi wa rangi, vinene kidogo, anavilaza kwa vidole au kwa kijiti chenye ncha chini ya nyuzi chache za mtande alizozihesabu: nyuzi tatu hapa kwa mdomo wa ndege, acha tano, nyuzi mbili kule kwa mkia. Kila rangi ina kipande chake kinachoning'inia. Akimaliza upana mzima anapitisha mshindio wa kawaida tena, anagonga kwa upanga, na mstari mmoja wa picha umekwisha. Mstari mmoja ni upana wa uzi. Ndege wa kimo cha kidole anaweza kula mistari thelathini au arobaini.

Hakuna karatasi mbele yake wala mchoro wa penseli kwenye kitambaa. Anahesabu. Na kwa kuwa anaanza chini kwenda juu, ndege humwanzia miguuni bila kumwona kichwa, ilhali ndege wa pili mbele yake lazima alingane naye na wa tatu vilevile. Mimi nilifuma kitu nilichodhani ni bata. Mwalimu alikitazama, akakigeuza juu chini, akasema ni mtungi mzuri.

Zipo huipil za kutarizi kweli. Ndege wa Santiago Atitlán hutariziwa juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa chenye mistari ya zambarau. Za San Mateo Ixtatán hutariziwa pete juu ya pete kama jua, nzito, na hupendeza pande zote mbili. Na rasi ya Yucatán huipil nyeupe hupambwa kwa maua ya sindano, kwa mshono wa kuhesabu nyuzi au kwa cherehani. Hizo nazo ni kazi, ila ni kazi nyingine.

Nikiigeuza ndani, nitegemee kuona nini?

Inategemea mbinu, na hapa ndipo fundi hufurahi. Mbinu moja hufanya picha ionekane upande wa nje tu, ndani panakuwa karibu wazi. Nyingine huacha nyuzi za rangi zikipita nyuma ya kitambaa, kwa hiyo ndani unaona kivuli cha picha, kimevurugika kidogo. Ya tatu ndiyo fahari ya San Antonio Aguas Calientes, nao huiita "marcador": uzi wa rangi huzungushwa kwenye nyuzi za mtande hivi kwamba nje na ndani zinafanana kabisa, huwezi kusema upi ni upi. Mifano mingi ya maua ya marcador ilitokana na vitabu vya Ulaya vya mshono wa msalaba. Wanawake wa pale waliyatazama maua ya sindano wakayageuza kuwa maua ya kufuma. Huo nauita wizi halali.

Mteja wangu mmoja alikaa na blauzi ile dakika nzima akitafuta mwisho wa uzi. Hakuupata.

Kwa nini kitambaa hakikatwi?

Kwetu sisi mafundi nguo huanza na mkasi. Kwao mkasi ni wa mwisho, na mara nyingi haumo. Kipande cha huipil kinachofumwa kwa ukamilifu kina pindo pande zote nne, kwa maana mtande umezunguka vijiti na mfumaji hufuma hadi mwisho kabisa. Sehemu ya mwisho ni mateso: nafasi imebaki vidole vinne, upanga hauingii, anatumia vijiti vyembamba zaidi na zaidi, hatimaye sindano. Ukiangalia kwa makini utauona utepe mmoja ambao ufumaji wake umelegea kidogo. Usidhani ni kasoro, ni pale alipofunga mlango.

Upana wa kila kipande haupiti pale mikono inapofika, ndiyo maana vipande ni viwili au vitatu. Huunganishwa kwa mshono wa mapambo uitwao "randa", mnene na wa rangi, ambao katika vijiji vingine ndio unaovuta macho kwanza. Penye vipande viwili, tundu la kichwa ni sehemu ya katikati iliyoachwa bila kushonwa. Penye vitatu, kama Chichicastenango, kipande cha kati hukatwa duara na kuzungushiwa kitambaa cha kung'aa chenye miali kama ya jua.

Inachukua muda gani?

Mwezi mmoja kwa nyepesi, miezi mitano, sita, hata zaidi kwa nzito. Lakini hesabu ya miezi inapotosha, kwa sababu hakuna anayefuma kutwa. Mwalimu wangu alikaa kwenye kitanda cha mfumi saa mbili asubuhi baada ya kuku na moto, akaja tena baada ya chakula mpaka mgongo ukakataa au mvua ikaanza. Siku za soko hakufuma kabisa. Wasichana huanza na kitanda kidogo cha mkanda au kitambaa cha kufunikia chapati za mahindi, wakiwa bado wa shule ya msingi, mbele ya mama au bibi.

Ni kweli kwamba kila kijiji kina huipil yake?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Mtu wa milimani Guatemala anaweza kumtazama mwanamke ndani ya basi akajua ametoka wapi kabla hajafungua mdomo. Watalii huambiwa kwamba Wahispania ndio waliowapangia Wamaya sare za vijiji ili wawadhibiti. Wanahistoria wengi hawakubaliani na maelezo mepesi kiasi hicho, na mimi siyaamini pia. Ukikaa sokoni nusu saa utaona jinsi wanawake wenyewe wanavyopenda kutofautiana na jirani.

Siwezi kuzitaja zote. Chichicastenango wana tai mwenye vichwa viwili. Nebaj, kwa Waixil, kuna farasi, ndege na watu wadogo wamejipanga kwa mistari, na kichwani kitambaa chenye vifundo vikubwa vya matamvua. Todos Santos Cuchumatán ni nyekundu na zambarau, na huko wanaume nao bado huvaa suruali zao za mistari myekundu. Wafumaji wa Kitzotzil wa Chiapas, Meksiko, hufuma maumbo ya pembe nne ambayo husimuliwa kuwa ni ulimwengu na kona zake nne, pamoja na chura anayeita mvua. Wengi wao wamejiunga katika ushirika wa Sna Jolobil, yaani Nyumba ya Wafumaji, ulioanzishwa San Cristóbal de las Casas miaka ya 1970.

Iliyoniacha mdomo wazi ni ya Cobán, kwa Waq'eqchi'. Inaitwa pikb'il. Ni nyeupe juu ya nyeupe: kitambaa chembamba kama chandarua, na picha zake zimefumwa kwa uzi mweupe uleule ila mnene kidogo. Kwenye meza huoni kitu. Mwanamke akisimama penye mwanga, picha zinatokea. Na huko haichomekwi kwenye sketi kama kwingine, huachwa ining'inie.

Kama unataka kumwona mwanamke wa Santiago Atitlán bila kwenda huko, tafuta sarafu ya Guatemala ya senti 25. Uso uliopo ni wa Concepción Ramírez, Mtz'utujil, aliyefariki mwaka 2021, na kilichomzunguka kichwani kama sinia ni utepe wao mrefu wa kufumwa, mita nyingi zimezungushwa.

Kila mchoro una maana?

Baadhi. Nyoka wa kupindapinda ambaye Wakaqchikel humwita kumatzin, tai wa vichwa viwili, mahindi, chura: hivyo vina hadithi, na hadithi hutofautiana kutoka nyumba hadi nyumba. Vingine ni sahani, kitana, kikapu, vitu vya jikoni. Na vingine ni waridi kwa sababu waridi linapendeza. Nilimuuliza mwalimu wangu maana ya tausi wake, nikiwa tayari na daftari. Akasema, "Ni tausi." Wauzaji wa mjini wao wana maana ya kila mstari, na bei hupanda kwa kila maana.

Nyuzi na rangi zinatoka wapi?

Siku hizi dukani. Pamba iliyong'arishwa kiwandani ndiyo nzuri na ndiyo ghali. Akriliki ni rahisi na ina rangi kali. Gharama ya uzi hulipwa na mfumaji kabla hajauza chochote, na hilo ndilo lililowasukuma wengi kwenye akriliki.

Zamani pamba ilisokotwa nyumbani, nyeupe na ile ya kahawia ya asili iitwayo ixcaco au cuyuscate, isiyohitaji rangi kabisa. Buluu ilitoka kwenye nili. Nyekundu ilitoka kwa wadudu wadogo wanaoishi kwenye dungusi kakati, wakikaushwa na kusagwa, na kwa muda fulani katika karne ya 19 wadudu hao walikuwa bidhaa kuu ya Guatemala kuuza nje, mpaka rangi za kiwandani zikaua soko na kahawa ikachukua nafasi. Zambarau ya thamani kuliko zote ilitoka kwa konokono wa baharini kwenye pwani ya Pasifiki.

Wanaume hawafumi?

Wanafuma, ila kwa kawaida kwenye kitanda kikubwa cha kukanyaga. Sketi nyingi ni kazi yao, hasa zile za jaspe za Salcajá na Totonicapán, ambapo uzi hufungwa kwa vifundo na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, ili picha itokee yenyewe. Huipil za Quetzaltenango pia hufumwa kwenye vitanda hivyo. Na Todos Santos usishangae kumkuta mzee amesimama njiani anafuma mkoba kwa sindano ya kroshia huku anapiga soga.

Vita viliyagusa mavazi haya?

Vita vya ndani vya Guatemala vilidumu kutoka 1960 hadi 1996. Tume ya ukweli iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa ilikadiria waliouawa au kupotezwa kuwa zaidi ya 200,000, na kati ya wahanga waliotambuliwa asilimia 83 walikuwa Wamaya. Katika hali hiyo, nguo inayotaja kijiji chako ni hatari. Ukitoka Nebaj, na jeshi limekitia Nebaj katika orodha yake, huipil inakusaliti barabarani. Wanawake walizivua, wakavaa za kijiji kingine au gauni la dukani, wakavuka kwenda Meksiko au wakajificha jijini. Baadhi ya watoto waliokulia huko hawakufundishwa kufuma. Ndiyo maana Rigoberta Menchú, Mk'iche' aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1992, alipokuwa akisimama mbele ya dunia na huipil yake, wenzake walielewa jambo ambalo wapiga picha hawakulielewa.

Kwa nini wafumaji wanalalamikia huipil za kuchapwa?

Kwa sababu picha iliyowagharimu miezi sasa hupigwa picha, ikachapwa kwa mashine juu ya poliesta, ikauzwa kwa sehemu ndogo ya bei. Kwa mbali inafanana. Wanawake wengi wa Kimaya wasio na uwezo nao huzinunua, na siwalaumu: ni nyepesi na hukauka upesi. Kinachowauma zaidi wafumaji ni wabunifu na kampuni zinazochukua michoro ya vijiji, zikaiweka kwenye mikoba na viatu bila kuuliza. Mwaka 2016 wafumaji wa Guatemala, wakiongozwa na chama cha wanawake cha AFEDES cha Sacatepéquez, walipeleka shauri Mahakama ya Katiba. Mwaka 2017 mahakama ikalihimiza Bunge litunge sheria ya kulinda ubunifu wao kama mali ya jamii nzima. Wanadai haki hiyo iwe ya jamii kwa sababu hakuna bibi mmoja aliyemvumbua tai wa vichwa viwili.

Kuhusu mikoba iliyokatwa kutoka huipil kuukuu: nyingine ziliuzwa na wenyewe walipohitaji fedha, na mara nyingi kwa bei ya kusikitisha. Mimi sikati. Nimeshaombwa mara mbili.

Nitajuaje kama ni ya mkono, na bei ikoje?

Igeuze. Iliyochapwa ni nyeupe au imefifia ndani. Iliyotariziwa kwa mashine ina uzi wa chini wa rangi moja. Ya mkono mara nyingi ina rangi zinazopita, vifundo vidogo, na ndege wawili mapacha wasiofanana sawasawa. Piga kidole pindoni: pindo la kufumwa halina mshono. Bei ya huipil ya mkono ni mamia ya quetzal, fedha ya Guatemala, na zile nzito za sherehe hufika maelfu. Ukiambiwa bei ya fulana, umeuziwa fulana.

Mtu asiye Mmaya anaruhusiwa kuivaa?

Wafumaji niliokutana nao walifurahi kuuza, na mwalimu wangu alinivisha yake mwenyewe ili nione inavyokaa. Waliloniomba ni kwamba nisivae ile ya sherehe za kidini kwa mchezo, na nikiulizwa niseme imetoka wapi. Kuna shule na ofisi huko Guatemala ambazo kwa miaka mingi ziliwakataza wasichana wa Kimaya kuvaa nguo zao, wakati mtalii akipita nayo anasifiwa. Ukijua hilo, utaivaa kwa adabu zaidi.

Nifueje?

Maji baridi, sabuni laini, kwa mkono, peke yake. Kwanza chovya pamba nyeupe yenye maji na uiguse kila rangi. Rangi ikibaki kwenye pamba, usiloweke kabisa. Mimi fundi wa miaka mingi niliipuuza hatua hiyo, nyekundu ikachuja hadi kwenye mstari mweupe, na mstari huo sasa ni wa waridi. Usiisugue, usiikamue kwa kuipinda, usitie dawa ya kung'arisha. Ukiihifadhi, iviringishe kwenye bomba la karatasi kuliko kuikunja, mbali na jua na nondo. Kukausha ni kivulini, imelazwa juu ya taulo. Usiitundike kwenye kamba kwa vibanio vya mabegani. Yangu ilitundikwa hivyo mara moja tu, imelowa, na mpaka leo bega la kushoto limeteremka kuliko la kulia.